Mama, Leo Usiniwekee Maharage

Kama umewahi kupanga foleni kwa Mama Wali saa saba mchana, huenda umewahi kusimama nyuma yangu ukanilaani kimoyomoyo. Mimi ndiye yule jamaa mwembamba mwenye begi la kijani anayechelewesha foleni kwa maswali. "Mama, wali huu umeshuka jikoni saa ngapi?" "Mama, haya mafuta ni ya leo?" "Mchuzi niwekee pembeni, mama." Siku moja jamaa mmoja wa uhandisi akanisemea kwa nyuma, "Kaka, umekuja kula au umekuja kukagua?" Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Sikumjibu kwa sababu jibu lake ni refu na lina aibu ndani yake. Leo nalitoa hapa kwenye jarida letu, nilimalize mara moja.

Jibu lenyewe ni hili: nina tumbo bovu. Sio kwamba nadeka, sio kwamba naringa, na wala sijatoka kwenye familia ya mboga saba. Nimetoka Muleba, wazazi wangu ni wakulima wa migomba na kahawa. Ila tumbo langu likila kitu lisichokitaka, ndani ya saa moja au mbili linajaa gesi, linanguruma, linasokota, halafu natafuta choo kwa mwendo ambao marafiki zangu wameuzoea bila kujua sababu yake. Siku nyingine inakuwa kinyume, sipati choo siku tatu. Hali hii ninayo tangu nikiwa kidato cha tatu.

Nyumbani haikuwa ishu kubwa. Choo kipo nyuma ya nyumba, mama anajua, na hakuna anayehesabu umeenda mara ngapi. Shida ilianza nilipofika hapa mwaka wa kwanza. Chumbani tuko wanne, choo kipo mwisho wa korido, maji yanatoka yakitaka. Halafu chakula chote unanunua. Asubuhi chai na chapati kibandani, mchana wali maharage, usiku chipsi. Boom likitoka tunakula kama mawaziri: chipsi kuku, mishkaki, juisi ya miwa yenye barafu. Boom likikata tunapiga pasi ndefu, yaani unakunywa chai saa mbili asubuhi na kukutana na chakula tena saa moja usiku. Tumbo langu lilichukia mambo yote mawili, ule ufalme wa wiki mbili na ile njaa iliyofuata.

Nilipoanza kulalamika kidogo, chumbani kila mtu akageuka daktari. "Hivyo ni vidonda vya tumbo," akasema mwenzangu wa kitanda cha juu. "Mawazo hayo kaka, punguza mawazo." Mwingine akaniambia ninywe maziwa kila asubuhi yapoze moto. Dada mmoja wa darasani kwetu akanishauri asali. Mimi mwenyewe nikaongeza la kwangu: nikawa nanunua omeprazole duka la dawa, vidonge kumi kumi, bila kupimwa na mtu yeyote. Kichwa kikiuma wakati wa test, nameza diklofenaki. Maziwa nikawa nakunywa kikombe kizima kila asubuhi, na kila asubuhi kipindi cha kwanza nakikosa nusu. Haikunijia hata siku moja akilini kwamba dawa niliyopewa na chumba ndiyo iliyokuwa inanitoa darasani.

Semesta ya pili nikapata supu. Namaanisha ile ya mtihani, sio ile ya ng'ombe, ingawa zote mbili zimeshanitesa kwa nyakati tofauti. Ile ya mtihani niliipata kwa sababu nilitoka kwenye chumba cha UE zikiwa zimebaki dakika hamsini, na sikurudi. Msimamizi alinitazama kama mtu asiyejua kitu. Nikaona ni afadhali adhani hivyo.

Lakini kilichonifanya niache kujikausha hakikuwa ile supu. Ilikuwa field.

Mwaka wa kwanza ulipoisha tulikwenda mafunzo kwa vitendo. Nilipangiwa sekondari moja ya kata, kwenye mji mdogo wenye stendi moja na hoteli mbili, naposema hoteli namaanisha zile za kula. Nikapewa Kiswahili kidato cha pili. Nilikipenda kile kidato mno. Walikuwa sitini na kitu, wanabishana kuhusu ngeli kama watu wanaobishana kuhusu Simba na Yanga. Nikajisemea, kumbe ualimu ninauweza.

Siku moja kabla ya msimamizi wa chuo kuja kunikagua, mwalimu mmoja wa pale, mtu mzima na mwenye roho nzuri, akatualika wanafunzi wa field hotelini jioni. "Kuleni mshibe, kesho mna ugeni," akasema, akaagiza bila kutuuliza: chapati mbili mbili, rosti la maharage, chai ya maziwa. Ile sahani niliitazama nikajua kabisa kitakachotokea. Ningeweza kusema, "Mwalimu, samahani, maharage na maziwa vinanisumbua." Sentensi moja tu. Lakini mtu mzima amekununulia chakula kwa mshahara wake, utaanzaje kumwambia hukitaki? Tumelelewa kwamba chakula cha mwenyeji hakikataliwi. Nikala chote. Hata chai niliongezewa.

Kesho yake msimamizi akakaa nyuma ya darasa, fomu juu ya magoti. Nikaandika ubaoni: Ngeli ya I-ZI. Sikufika hata mfano wa tatu. Jasho likanitoka, tumbo likasokota, nikajua nina kama dakika moja. Nikamkabidhi kiranja chaki, nikasema "endeleeni na zoezi", nikatoka. Nilikaa chooni dakika kumi na moja. Najua kwa sababu nilikuwa nimeshika simu naitazama saa, namwomba Mungu ziishe.

Baada ya kipindi msimamizi akaniita chini ya mwembe. Akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Mwalimu, ulipatwa na nini?" Hapo palikuwa na mlango wazi wa kusema kweli. Mimi nikasema, "Samahani mwalimu, nilipigiwa simu ya dharura kutoka nyumbani." Akanitazama, akaandika. Nilipokuja kuiona ile fomu, kwenye sehemu ya maadili ya kazi palikuwa pameandikwa kwamba mwalimu anatoka darasani kupokea simu. Na alama zangu zilifuata maandishi hayo.

Hebu fikiria. Mgonjwa angeandikiwa mgonjwa. Mimi nilichagua kuandikwa mtovu wa maadili ili nisitamke neno "kuharisha" mbele ya mtu mwenye shahada tatu. Siku ile usiku sikulala, na haikuwa kwa sababu ya tumbo.

Tulipofungua mwaka wa pili nilikuwa nimepungua kilo, suruali naikaza kwa mkanda wa tundu nililotoboa mwenyewe kwa msumari. Mwenzangu wa chumba, yule yule wa vidonda vya tumbo, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka hospitali kwa bima. Nilidhani daktari atanipa dawa nyingine ya vidonda niondoke. Badala yake aliuliza maswali karibu nusu saa: choo chako kikoje, kuna damu, ni cheusi kama lami, maumivu yanakuamsha usiku, nyumbani kuna mwenye historia ya ugonjwa wa tumbo, unakula wapi, saa ngapi, unameza dawa gani. Nilipomtajia omeprazole na diklofenaki alitikisa kichwa.

Alinieleza jambo ambalo naona kila mwanachuo angepaswa kulijua. Vidonda vya tumbo, vile vya kweli, kwa sehemu kubwa havitokani na mawazo wala pilipili. Vinasababishwa zaidi na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au na matumizi ya dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Waliomgundua bakteria huyo ni Barry Marshall na Robin Warren, kule Perth, Australia. Watu walikuwa hawawaamini, mpaka mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe kikombe chenye bakteria hao, tumbo lake likavimba kwa ndani na kuumwa kweli. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Maana yake ni kwamba vidonda vinapimwa na vinatibika kwa antibayotiki. Sio ugonjwa wa kukisia chumbani. Mimi niliyekuwa nameza diklofenaki kila test nilikuwa najitengenezea vidonda huku nikidhani navitibu.

Akaniambia niache omeprazole wiki mbili kwanza, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumficha bakteria kwenye kipimo, halafu nilete choo kipimwe. Nikarudi. Bakteria hakuna. Damu sawa. Vipimo vingine sawa. Nilikaribia kulia, maana nilijua sasa ataniambia sina kitu, najifanya. Hakusema hivyo. Alisema kuna utumbo ambao ukiutazama hauna kidonda wala uvimbe, ila mwendo wake na hisia zake zimevurugika. Unahisi sana kile ambacho utumbo wa mwingine hauhisi. Wataalamu wanaiita hali hiyo kwa kifupi IBS. Hakuna kipimo kimoja cha kuionyesha, daktari anasikiliza dalili na kuondoa magonjwa mengine kwanza. Haiui, lakini inatesa. Na mawazo hayaianzishi peke yake, ila yanaichochea, kwa hiyo wenzangu chumbani hawakukosea kila kitu.

Halafu akanipa kazi kama ya mwalimu: daftari. Wiki tatu niandike kila ninachokula, wapi, saa ngapi, na tumbo limefanya nini baadaye. Lile daftari lilinifunza kuliko kozi nzima. Maziwa mabichi ya kuchemsha, kila mara shida. Mtindi, nafuu. Nikauliza kwa nini. Kumbe watu wazima wengi duniani mwili unapunguza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa baada ya kuachishwa kunyonya. Kuna jamii za wafugaji ambazo miili yao inaendelea nacho. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha utafiti kuhusu hilo uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Mtindi una unafuu kwa sababu bakteria wake wameshaila sehemu ya ile sukari. Maharage nayo yana sukari ambazo binadamu yeyote hana uwezo wa kuzisaga. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wanazichachusha, gesi inatoka. Kwa wengi wenu ni kicheko chumbani usiku. Kwangu mimi ni kipindi kilichokatika. Vitunguu vingi vilivyokaangwa, chapati tatu kwa mpigo, mafuta mazito, pilipili nyingi, vyote vilikuwemo daftarini. Na kilichoniuma zaidi: pasi ndefu. Siku nilizokaa na njaa mpaka usiku halafu nikajaza tumbo kwa mara moja ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote.

Sasa unarudi kibandani na elimu yote hiyo, unakuta chakula cha bei ya mwanafunzi ni kimoja: wali maharage. Buku jero. Wali samaki ni buku mbili na jero. Nani ana hiyo kila siku?

Nilizunguka kile kibanda siku nne bila kuingia. Siku ya tano nikaingia mapema, kabla foleni haijaanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kama kawaida?"

"Mama, leo usiniwekee maharage."

Akanitazama. Akainama karibu, akasema kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, "Hela imekata? Kula tu baba, utalipa boom likitoka."

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Nikamwambia hapana mama, hela ninayo, ila tumbo langu linakataa maharage. Tangu zamani. Nikamweleza yote, mpaka ile ya darasani. Mama Wali akaweka upawa chini.

"Tangu mwaka wa kwanza unakula maharage yangu yanakuumiza?"

"Ndiyo mama."

"Na mimi ninavyokuzidishia?"

Nikanyamaza. Ni kweli alikuwa ananizidishia. Kila siku upawa wa pili, bila kuongeza bei. Akaniambia kwamba mwaka mzima alikuwa anaiona sahani yangu inarudi nusu. Mwanzo alidhani chakula chake kibaya, akawa anaongeza kitunguu na viungo ili kinoge. Baadaye akaona ninakonda, akasema mtoto huyu hashibi, ngoja nimzidishie. Yaani mimi nilikaa kimya kwa kumheshimu, na ukimya wangu ukamfanya aniongezee kile kile kinachoniumiza, huku moyoni akidhani simpendi mapishi yake. Sote wawili tulikuwa tunajitahidi.

"Ungesema tu," akasema. "Mimi mwenyewe mwanangu wa pili hali dagaa, anavimba mwili. Kwani nimemtupa?"

Tukapanga. Wali, mchicha, na yai la kuchemsha au kipande kidogo cha samaki wa mkiani, buku mbili. Jero ya nyongeza kila siku ni shilingi 15,000 kwa mwezi, na kwa mwanafunzi hiyo ni hela. Niliipata kwa kuacha juisi ya miwa na kupunguza bando. Na mimi nikampa nilichokuwa nacho, yaani maneno ya daftari: maharage ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga maji ya kulowekea, sukari zile zinapungua, na yanaiva haraka zaidi. Siku hizi analoweka kila jioni. Sijidanganyi kwamba ni kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mkaa. Lakini ya sasa nakula vijiko viwili vitatu na tumbo linanyamaza.

Tangu hapo nimejiwekea taratibu za kula nje, na kwa kuwa wengi mmekuwa mkiniuliza, naziweka hapa.

Nakwenda saa sita na nusu, chakula kinaposhuka jikoni, sio saa tisa. Wali uliopikwa ukikaa vuguvugu saa nyingi unaweza kuota bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Mbegu zake zinastahimili kupikwa, na sumu anayoiacha kwenye wali haifi hata ukiupasha moto tena. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60 au baridi chini ya nyuzi 5. Hili sio la wenye tumbo bovu tu, ni lako pia, wewe wa kiporo cha wali kwenye bakuli chini ya kitanda.

Kabla ya kuagiza natazama mambo matatu: mikono, maji na mafuta. Anayepakua ndiye anayepokea hela? Sahani zinaoshwa kwa maji yanayobadilishwa, au ni ndoo moja tangu asubuhi? Mafuta ya chipsi yamekuwa meusi na yanatoa povu? Kama majibu hayanipendezi naagiza chai ya rangi, nakaa na wenzangu tunapiga stori, nakula kwingine. Kachumbari siigusi mahali nisipopajua, kwa sababu kitu kibichi ni safi kadiri ya maji yaliyokiosha. Mchuzi nauomba pembeni ili niutie mwenyewe. Na maswali nauliza kwa adabu, kwa kuanza na shikamoo na sababu. "Mama, tumbo langu linanisumbua, naomba unisaidie" linafungua milango ambayo "hiki chakula kisafi kweli?" linaifunga. Mama lishe ni mtu wa kazi, ana heshima yake.

Safarini ndio noma. Kwenda kwetu ni zaidi ya kilomita 1,000, na basi likisimama hotelini unapewa kama dakika kumi na tano za kula. Ukila chips na kuku kwa haraka ile, halafu dereva hasimami tena mpaka atakapojisikia, kuchimba dawa kunageuka kuwa sala. Mimi nabeba ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha na maji, nakaa kiti cha njiani. Konda namweleza mapema kabla gari halijaondoka. Mara ya kwanza nilidhani atatangaza kwenye basi zima. Alisema tu, "Ukibanwa niguse bega."

Kwenye sherehe na mialiko nakula kidogo kabla ya kutoka, nikifika nachukua nachoweza, na mwenyeji namwambia mapema kwa faragha. Mpaka leo hajachukia mwenyeji hata mmoja. Pasi ndefu nimeiacha kabisa; afadhali uji saa nne kuliko karamu saa mbili usiku.

Wakati mwingine nakosea bado. Mwezi uliopita, siku ya kuzaliwa ya rafiki yangu, nilikula pilau na kachumbari ya pilipili kwa tamaa tu. Nililipa usiku mzima. Lakini asubuhi nilimwambia mwalimu wa semina kwa nini sikuwepo, kwa jina lake kamili, na dunia haikuanguka.

Na kama wewe unasoma hapa ukijiona, tafadhali usiishie kwangu. Mimi ni mwalimu mtarajiwa, sio daktari, na vyakula vinavyonisumbua huenda wewe havikufanyi kitu. Ukiona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukipungua uzito bila sababu, au maumivu yakikuamsha usiku, nenda hospitali leo, sio baada ya UE.

Field ya mwaka wa pili nilipangiwa shule nyingine. Kidato cha kwanza kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa anaomba ruhusa ya kutoka kila siku baada ya mapumziko. Ofisini walimu walishamwandika mtoro, na alikuwa ameshaadhibiwa kwa hilo. Alipokuja kwangu kunyoosha kidole nilimwona uso, ule uso ninaujua. Baada ya kipindi nikamwita kando, nikamuuliza mapumziko anakula nini. Akatazama chini muda mrefu. Nikamwambia, "Mimi nikila maharage naharisha." Akainua kichwa, akacheka kidogo kwa mshangao kwamba mwalimu anaweza kusema hivyo. Halafu akaniambia yake.

Sikuwa na dawa ya kumpa. Nilizungumza na mwalimu wa afya wa shule ili mzazi aitwe ampeleke akapimwe. Na kesho yake nikamhamishia dawati karibu na mlango, nikamwambia kwenye vipindi vyangu haombi ruhusa, anatoka tu na kurudi. Wiki ile alitoka mara mbili. Wiki iliyofuata mara moja. Msimamizi alipokuja kunikagua, kijana alitoka katikati ya kipindi na akarudi, na mimi niliendelea kufundisha. Nilipoulizwa baadaye kwa nini mwanafunzi anatoka bila ruhusa, nilieleza sababu yake, halafu nikaeleza na yangu, pamoja na ile simu ya dharura ambayo haikuwahi kupigwa. Msimamizi alikuwa mwingine, hakujua habari za mwaka uliopita. Ila nilitaka mtu mmoja wa chuo aisikie.

Basi ndugu yangu wa uhandisi, hilo ndilo jibu. Kesho nitakuwepo kwa Mama Wali saa sita na nusu. Foleni ikisimama kidogo, nivumilie. Na kama na wewe tumbo lako lina maneno, njoo mapema, tutauliza maswali pamoja.